Bawasiri: Aibu inayokula mtaji wa mkulima

MKULIMA akivunjika mguu, kijiji kizima huja kumjulia hali. Majirani humpalilia shamba, na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa humchangia. Lakini mkulima huyo huyo akiota kinyama katika njia ya haja kubwa, huenda hata mwenzi wake wa ndoa asijue kwa miaka miwili. Atasimama mnadani kutwa nzima huku wenzake wameketi juu ya magunia, atakataa kupakiwa kwenye pikipiki, na akiulizwa atasema ni mgongo tu unamsumbua.

Ukimya huo una gharama, na gharama hiyo inaweza kupigiwa hesabu kama inavyopigiwa hesabu mbolea au nauli ya kupeleka mazao sokoni. Wataalamu wa upasuaji wanaeleza kwamba vinyama vingi vinavyoota eneo hilo si saratani, na kwamba sehemu kubwa yake havihitaji kisu. Vile vinavyohitaji kisu hutibika kwa operesheni ambayo mgonjwa anaweza kuipangia tarehe, kama anavyopanga siku ya kulima. Kinachowamaliza wengi kifedha ni miaka ya kujificha, dawa za mitaani zisizokwisha, na dharura inayowakuta katikati ya msimu.

Vinyama vya aina gani?

Watu wengi huita kila uvimbe wa sehemu hiyo bawasiri, na kila eneo lina jina lake. Wapo wanaosema mgoro na wapo wanaosema kikundu. Kitaalamu, hata hivyo, vinyama hivyo ni vya aina kadhaa na tiba zake zinatofautiana.

Bawasiri yenyewe haitokani na kitu kigeni. Kila binadamu huzaliwa na vifuko laini vyenye mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kusaidia mlango kufunga vizuri, mithili ya mpira unaozuia bomba lisivuje. Vifuko hivyo vikivimba na kulegea kwa sababu ya kujikamua mara kwa mara, ndipo vinapoanza kutoa damu au kushuka nje. Bawasiri ya ndani kwa kawaida haiumi. Ishara yake ya kwanza ni damu nyekundu mbichi inayodondoka wakati wa haja. Ile ya nje imefunikwa na ngozi yenye hisia, hivyo ikipata tatizo mgonjwa huisikia mara moja.

Aina ya pili ni uvimbe wa ghafla wenye rangi ya bluu au zambarau unaotokana na damu iliyoganda katika mshipa wa nje. Huu ndio unaomwangusha mtu kitandani usiku mmoja. Akifika hospitali ndani ya siku tatu tangu maumivu yaanze, daktari anaweza kuuondoa kwa ganzi ya hapo hapo na nafuu ikapatikana haraka. Siku hizo zikipita, kwa kawaida maumivu huanza kupungua yenyewe, na mara nyingi mgonjwa hushauriwa kutumia dawa za maumivu na kukalia maji ya uvuguvugu.

Aina ya tatu ni vipande vya ngozi vinavyoning'inia, ambavyo mara nyingi ni mabaki ya uvimbe wa zamani. Havina madhara, ila huwasha na kufanya usafi uwe mgumu. Huondolewa pale vinapomkera mhusika.

Aina ya nne ni masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri, ambazo huota nyingi pamoja na kufanana na ua la koliflawa. Hizi husababishwa na virusi vya HPV, hasa namba 6 na 11, ambavyo huambukizwa kwa ngozi kugusana wakati wa kujamiiana. Daktari anaweza kuzipaka dawa, kuzigandisha kwa baridi kali, kuziunguza kwa umeme au kuzikata. Kwa kuwa virusi hubaki kwenye ngozi, zinaweza kuota tena, hivyo mgonjwa hutakiwa kurudi kuangaliwa. Aidha, hushauriwa kupima Virusi vya Ukimwi na kumleta mwenzi wake achunguzwe. Mjamzito aseme mapema kuwa ni mjamzito, kwani baadhi ya dawa hizo za kupaka hazimfai.

Sembe, pumba na choo kigumu

Chanzo kikubwa cha bawasiri ni choo kigumu na kujikamua. Hapa ndipo ugonjwa huu unapokutana moja kwa moja na shamba.

Mahindi yakikobolewa ili kupata sembe nyeupe, pumba na kiini huondolewa, na sehemu kubwa ya nyuzinyuzi inayolainisha choo huondoka navyo. Pumba hizo huuzwa kwa wafugaji. Ng'ombe na kuku hupata kile ambacho tumbo la mwenye shamba lilikihitaji, naye hubaki na ugali mweupe unaosifiwa mezani na kumtesa chooni. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Dona, maharage, mchicha, majani ya maboga, viazi vitamu, mapapai na maembe humfikisha hapo bila kununua dawa yoyote.

Ikumbukwe tu kwamba dona nzuri hutokana na mahindi yaliyokaushwa vizuri na kuchambuliwa. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari, na hayafai kwa dona wala sembe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Jambo la pili ni maji. Mkulima anayepalilia juani tangu alfajiri hadi saa saba mchana kwa kikombe kimoja cha chai huku jasho likimtoka asishangae choo kikiwa kigumu kama udongo wa kiangazi. Mama lishe naye hupunguza kunywa maji kwa makusudi, kwa sababu soko halina choo cha kueleweka. Dereva wa lori na muuza duka huahirisha haja hadi jioni. Tabia zote hizo hukausha choo. Mimba na kujifungua pia huongeza msukumo katika mishipa ya eneo hilo, ingawa kwa akina mama wengi uvimbe hupungua wenyewe baada ya kujifungua, na ndiyo maana madaktari kwa kawaida hawaharakishi kumpasua mjamzito.

Si kila bawasiri inahitaji kisu

Madaktari huipanga bawasiri ya ndani katika madaraja manne. Daraja la kwanza hutoa damu lakini hakuna kinachoshuka nje. La pili, kinyama hushuka wakati wa kujikamua na kurudi chenyewe. La tatu, hakirudi mpaka mgonjwa akisukume kwa kidole. La nne, kimekaa nje na hakirudi tena.

Daraja la kwanza kwa kawaida hutulizwa kwa chakula, maji, dawa za kulainisha choo na kuacha kukaa chooni muda mrefu. Mgonjwa wa daraja la pili, na baadhi ya wale wa daraja la tatu, anaweza kufungwa mpira. Daktari hutumia kifaa maalumu kuvisha kipete kidogo cha mpira kwenye shina la kinyama, juu ya mstari ambao ndani yake hakuna hisia kali ya maumivu. Damu hukosa njia, kinyama hunyauka na kudondoka chenyewe ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Mfugaji aliyewahi kuhasi ndama au kukata mikia ya kondoo kwa mpira ataelewa mara moja. Tiba hii haihitaji kulazwa wala sindano ya usingizi, na wengi hurejea kwenye shughuli nyepesi baada ya siku chache.

Kisu kinabaki kwa wale wa daraja la nne, wale wa daraja la tatu wenye vinyama vikubwa, walioshindikana kwa mpira, na wenye bawasiri ya ndani na ya nje kwa pamoja.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Njia inayotumika sana duniani hadi leo ilielezwa mwaka 1937 na madaktari Milligan na Morgan wa Hospitali ya St Mark's mjini London. Vifuko vikubwa kwa kawaida huwa vitatu. Daktari hukata kila kimoja, hufunga mshipa unaokilisha damu, na kuacha kidonda wazi kipone chenyewe kutoka ndani. Kati ya kidonda na kidonda huacha ukanda wa ngozi nzima, kama mkulima wa mlimani anavyoacha ukanda wa majani kati ya tuta na tuta ili udongo usiporomoke. Ukanda huo ndio unaozuia njia isibane baada ya kupona. Baadaye daktari Ferguson wa Marekani alianzisha utaratibu wa kukishona kidonda, na tangu miaka ya 1990 zipo pia mashine za kukata na kubana pini kwa wakati mmoja, ingawa mashine hizo ni ghali na si kila hospitali inazo.

Mgonjwa wengi huchomwa ganzi ya mgongoni, hivyo huwa macho lakini hasikii kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Operesheni yenyewe ni fupi. Kazi kubwa iko nyumbani, na hili lazima lisemwe wazi: wiki ya kwanza inauma, hasa siku ya kwanza ya kwenda haja. Mgonjwa hupewa dawa za maumivu na za kulainisha choo, na huelekezwa kukalia beseni la maji safi ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku na kila baada ya haja.

Wengi huweza kufanya kazi nyepesi baada ya wiki mbili hivi. Kidonda hupona kabisa kati ya wiki nne na sita. Katika kipindi hicho jembe, gunia la kilo 100, baiskeli na pikipiki vikae kando. Damu nyingi, homa au kushindwa kukojoa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo. Damu inaweza kutoka ghafla hata baada ya siku saba hadi kumi, wakati mgonjwa anadhani ameshavuka hatari.

Panga operesheni kama unavyopanga kilimo

Kwa kuwa bawasiri nyingi si za dharura, mgonjwa ana nafasi ya kuchagua wakati. Nafasi hiyo hupotea pale anapongoja hadi kinyama kikanaswa nje, kikavimba na kukosa damu.

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Njombe, Ruvuma, Rukwa, Singida na Tabora, mahindi huvunwa zaidi kati ya Juni na Agosti. Mkulima anayepasuliwa mwishoni mwa Agosti atakuwa amepona ifikapo katikati ya Oktoba, kabla ya mvua za Novemba na Desemba. Kwa maeneo ya vuli na masika, kama Kagera na Kilimanjaro, kipindi kifupi cha Januari na Februari au kile cha Julai na Agosti kinaweza kufaa, kutegemea zao la kila mmoja. Mfanyabiashara wa nguo naye asikubali tarehe ya Desemba, wakati wateja wake wote wako sokoni.

Kiangazi kina faida nyingine mbili. Fedha za mazao zinakuwa mkononi, na barabara inapitika. Mgonjwa anayetokwa na damu siku ya nane akiwa kijiji ambacho masika imekata daraja lake yuko katika hatari ambayo mwenzake wa Septemba hana.

Hesabu ya kujificha

Chukua mfano wa muuza mchele anayenunua dawa ya chupa kwa Sh15,000 kila mwezi. Kwa mwaka ametumia Sh180,000, na kwa miaka mitatu Sh540,000. Tuseme hufunga kibanda siku mbili kila mwezi kwa maumivu, na faida yake ya siku ni Sh10,000. Kwa miaka mitatu amepoteza Sh720,000 nyingine. Jumla ni Sh1,260,000, na katika muda wote huo hakuna daktari aliyemwangalia hata mara moja. Kila mmoja anaweza kuweka tarakimu zake mwenyewe katika hesabu hiyo na kuona jibu.

Mkulima hupoteza kwa njia nyingine. Dharura ikimkuta Machi, hana fedha, hivyo huuza mazao yakiwa bado shambani. Wakulima wa kahawa wa Kagera huita biashara hiyo butura, na wale wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaijua kangomba. Akiahidi magunia 10 ya mahindi kwa Sh50,000 kila moja, wakati baada ya mavuno angeyauza kwa Sh80,000, amepoteza Sh300,000 kabla hajalipia hata pamba ya hospitali. Bado hajahesabu vibarua wa kumpalilia shamba akiwa kitandani.

Ipo hasara mbaya zaidi. Baadhi ya waganga wa mitaani hupaka au kuchoma dawa kali zinazounguza kinyama. Dawa hiyo haichagui. Huunguza na ngozi nzima. Kovu likikauka, njia hubana, na mtu aliyekuwa na tatizo la kutibika kwa kipete cha mpira hujikuta akihitaji upasuaji wa kupanua njia.

Damu isiyo ya bawasiri

Sababu kubwa kuliko zote ya kumwona daktari ni kwamba si kila damu ni bawasiri. Saratani ya utumbo mpana na ya njia ya haja kubwa hutoa damu pia. Mtu aliyefikisha umri wa miaka 40 na zaidi, aliyepungua uzito bila sababu, aliyebadilika mwenendo wa choo, au mwenye upungufu wa damu, asikubali kuambiwa ni bawasiri kabla ya kupimwa ndani. Kipimo cha kwanza ni kidole cha daktari chenye glavu, kikifuatiwa na kifaa kifupi cha kumulikia. Huchukua dakika chache. Kinyama kinachotiliwa shaka hukatwa kipande na kupelekwa maabara.

Kwa wakulima wa mpunga na wavuvi wa Kanda ya Ziwa, kuna mshukiwa mwingine, kichocho cha tumbo. Minyoo yake huingia kupitia ngozi ya mtu anayesimama kwenye maji yenye konokono wanaoieneza, na dalili yake mojawapo ni damu katika choo. Huyu anahitaji vidonge vya praziquantel, na kumkata kinyama hakutamsaidia.

Maswali ya kwenda nayo hospitali

Safari ianzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ili mgonjwa apewe rufaa inayostahili. Hospitali za rufaa kama Bugando, KCMC, Mbeya na Muhimbili zina madaktari bingwa wa upasuaji, lakini wagonjwa wengi hawahitaji kufika mbali kiasi hicho, kwani operesheni hii hufanyika pia katika ngazi za chini zenye daktari mwenye ujuzi.

Kabla ya kukubali tarehe, mgonjwa aulize mambo matano. Bawasiri yangu ni ya daraja gani? Je, mpira unaweza kutosha? Bei mliyonitajia inajumuisha ganzi, dawa, kitanda na siku za kurudi kuangaliwa, au kila kimoja kina risiti yake? Kadi yangu ya bima inalipia nini katika hayo? Na je, nikitokwa na damu usiku nikiwa nyumbani, nimpigie nani? Naye amweleze daktari kama ana kisukari au shinikizo la damu, au anatumia aspirini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda.

Suala la bima lisipuuzwe. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga katika miaka ya 1990, na mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Mwenye kadi aulize mapema kama upasuaji wa kupangwa umo katika kifurushi chake na kwa hospitali zipi. Asiye na kadi anaweza kutenga magunia mawili au matatu ya mavuno kwa kazi hiyo moja, kama anavyotenga mbegu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mwenye bawasiri, mara nyingi kinachotangulia kumuumbua ni ghala tupu na mkopo wa dalali. Daktari aliyeona wagonjwa kumi wa aina hiyo wiki hii hatamshangaa wa kumi na moja. Mavuno yakishaingia ndani na barabara zikiwa kavu, dakika chache za aibu katika chumba cha uchunguzi zinaweza kumrudishia mkulima msimu mzima.